Dakika Kumi za Malindi

Vitabu vingi vinavyosimulia jinsi fumbo la milipuko ya miale ya gama lilivyofumbuliwa huruka kutoka Roma hadi kisiwa cha La Palma bila kutua popote. Roma kulikuwa na wataalamu wa zamu waliopokea habari za mlipuko wa tarehe 28 Februari 1997. La Palma, katika visiwa vya Kanari, kulikuwa na darubini ya William Herschel, ambayo usiku wa siku hiyohiyo ilinasa doa hafifu la mwanga. Ilipotazama tena tarehe 8 Machi, doa halikuonekana. Msomaji huachwa aamini kwamba kati ya sehemu hizo mbili hapakuwa na kitu. Kumbe kila taarifa iliyofika Roma kutoka BeppoSAX, setilaiti iliyounasa mlipuko huo, ilikuwa imeshuka kwanza kwenye antena ya pwani ya Kenya, karibu na Malindi, na kila amri ya kuigeuza setilaiti hiyo ilipanda kutoka pwani hiyohiyo. Dakika mbili hivi kabla ya kufika juu ya Malindi, setilaiti ilikuwa imekatiza anga ya Ziwa Victoria, juu ya Mwanza na kata yake ya Igoma au kandokando yake. Ninachodai hapa ni kwamba njia hiyo ya ikweta haikuwa pambo la hadithi. Kuutazama mng'ao unaofifia baada ya mlipuko wa gama ni kazi ya kuwahi, na katika miaka ya mwanzo ya kazi hiyo ukanda wetu ulikuwa kiungo cha chombo chenyewe. Anayeuacha nje ya simulizi anaeleza ugunduzi bila kueleza uliwezekanaje.

Tuanze na fumbo. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalikubaliana kutojaribu mabomu ya nyuklia katika angahewa, chini ya maji na katika anga za juu. Marekani haikuwaamini Wasovieti, ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela ili kuchungulia kama kuna anayevunja ahadi kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti hizo zilinasa mmweko wa miale ya gama ambao haukufanana na wa bomu lolote. Mimweko mingine ikafuata. Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos walisubiri hadi 1973 ndipo wakatangaza kwamba walikuwa na mimweko 16 ambayo haikutoka duniani wala kwenye jua. Ilikuja bila taarifa, kutoka pande zozote za anga, ikadumu sekunde chache au dakika, ikaisha. Vifaa vya miale ya gama vya wakati huo havikuweza kuonyesha kwa usahihi mmweko umetoka wapi; vilionyesha eneo pana la anga lenye nyota na galaksi chungu nzima. Aliyesimama ufukweni Mwanza usiku akaona taa moja mbali majini hawezi kujua kama ni karabai ya mvuvi wa dagaa aliye karibu au ni taa kali ya meli iliyo mbali sana. Wanaastronomia walikuwa katika hali hiyohiyo, na walikaa hivyo kwa takribani miaka 30.

Kutojua umbali kulikuwa kutojua kila kitu. Kama milipuko ilitoka pembezoni mwa galaksi yetu, nguvu yake ilikuwa ya kawaida kwa mambo ya nyota. Kama ilitoka kwenye galaksi za mbali, ilikuwa milipuko mikali kuliko yote inayojulikana. Chombo cha Compton kilichorushwa Aprili 1991, kikiwa na vitambuzi vilivyosimamiwa na Gerald Fishman, kilirekodi milipuko 2,704 katika miaka tisa, karibu mmoja kila siku, na kikaonyesha kwamba imetawanyika sawasawa pande zote za anga. Wengi walianza kuamini kwamba iko mbali. Hata hivyo Aprili 1995, katika mdahalo wa hadhara uliofanyika Washington chini ya uenyekiti wa Martin Rees, Bohdan Paczyński alitetea umbali mkubwa na Donald Lamb akatetea umbali mdogo, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenzake. Takwimu peke yake zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Kilichohitajika ni kuukuta mmoja wa milipuko hiyo ukiwa bado una mwanga wa aina nyingine, eksirei au mwanga wa kawaida, kwa sababu miale hiyo huweza kuelekezwa kwenye kioo na kuonyesha mahali hasa. Wananadharia walikuwa wametabiri kwamba mng'ao kama huo lazima uwepo: mata iliyorushwa kwa kasi inayokaribia ile ya nuru inapogonga gesi iliyoizunguka hupata joto na kung'aa, kisha hupungua kadiri inavyopungua kasi. Tatizo ni kwamba hupungua haraka mno.

Hapa ndipo ikweta inapoingia. Setilaiti ya BeppoSAX, iliyojengwa na Italia kwa ushirikiano na Uholanzi na kupewa jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini, ilirushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 30 Aprili 1996. Iliwekwa kilomita 600 hivi juu ya dunia, katika mzunguko ulioinama nyuzi 3.9 tu kutoka ikweta. Uamuzi huo ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni utulivu: juu ya ikweta usumaku wa dunia hukinga sehemu kubwa ya chembe za kasi zinazotoka angani, na setilaiti huepuka kwa kiasi kikubwa lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe hizo hushuka chini na kuvichanganya vitambuzi. Ya pili ni kwamba chombo kinachozunguka juu ya ikweta hupita juu ya kituo kilekile cha ardhini kila mzunguko, yaani kila baada ya dakika 100 hivi, ilhali chombo cha mzunguko ulioinama sana hukikosa kituo hicho mara nyingi kwa siku. Kituo kilichochaguliwa kilikuwa cha Malindi, na hakikuwa kigeni kwa kazi ya namna hii.

Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, ndiye aliyeileta Italia pwani ya Kenya katika miaka ya 1960. Alitaka mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, ambako dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure kuelekea mashariki, na ambako kuna bahari tupu mbele. Majukwaa ya San Marco na Santa Rita yalisimikwa katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, na kambi ya ardhini ikajengwa ufukweni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani, nayo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na kazi hiyo ni sehemu ya yale yaliyompa Riccardo Giacconi tuzo ya Nobel mwaka 2002. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, iliyotazama miale ya gama yenyewe mpaka umeme wake ulipokatika baada ya miezi saba hivi. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco Machi 1988. Majukwaa yakabaki yakiliwa na kutu, lakini antena za nchi kavu ziliendelea na kazi, na wenyeji waliozihudumia waliendelea nayo pia. BeppoSAX ilirithi kituo kilichokuwa na uzoefu wa takribani miaka 30.

Tuifuate njia yenyewe. Mzunguko ulioinama nyuzi 3.9 haumwachi msafiri aende mbali na ikweta zaidi ya kilomita 430 hivi, kaskazini au kusini. Ziwa Victoria lote limo ndani ya ukanda huo, Mwanza ikiwa nyuzi 2.5 kusini na Malindi nyuzi 3.2. Setilaiti ikija kutoka magharibi ilianza kuonekana na antena ya Malindi ikiwa bado juu ya misitu ya Kongo. Ikavuka ziwa, ikapita juu ya pwani, na mazungumzo yakakatika ikiwa mbali juu ya Bahari ya Hindi. Yote hayo yalichukua dakika kumi au kumi na moja. Ilipokuwa juu ya Igoma, kilomita 800 hivi magharibi mwa Malindi, ilikuwa tayari inamimina kumbukumbu zake. Mwaka 1996 Igoma kulikuwa na mambo mengine. Siku 21 baada ya BeppoSAX kurushwa, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya waliokufa wakazikwa Igoma. 1996 hapo ni mwaka wa makaburi hayo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kujua nini kinapita juu mara 14 hivi kila siku. Nasema hili ili nisieleweke vibaya: kusema kwamba njia ya ugunduzi ilipita juu ya mahali si kusema kwamba watu wa mahali hapo walishirikishwa. Nitalirudia hilo.

Ushahidi wa hoja yangu umo katika saa. Mlipuko wa kwanza ambao BeppoSAX iliupata kwa kamera yake pana ulitokea tarehe 20 Julai 1996, lakini uligunduliwa ndani ya kumbukumbu wakati umekwisha kupita, na setilaiti ilielekezwa huko baada ya zaidi ya mwezi. Hapakuwa na kitu. Timu ikapanga upya kazi yake: zamu za usiku na mchana Roma, kusoma kila furushi la taarifa mara linapotoka Malindi kupitia setilaiti ya mawasiliano, na kuandaa amri za kugeuza chombo kabla ya mpito unaofuata. Tarehe 11 Januari 1997 ukaja mlipuko mwingine, na safari hii vifaa vya eksirei viliufikia baada ya saa 16. Havikupata mng'ao wa kuaminika. Ndipo ukaja ule wa 28 Februari, saa 11:58 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Baada ya saa nane tu vifaa vya eksirei vilikuwa vimeelekezwa pale, vikakuta chanzo kipya. Vilipotazama tena siku tatu baadaye, nguvu yake ilikuwa imeshuka mara 20 hivi. Enrico Costa na wenzake walikuwa wameona mng'ao unaofifia kwa mara ya kwanza katika historia. Kati ya zaidi ya mwezi na saa nane, vitambuzi havikubadilika, kamera haikubadilika, nyota hazikubadilika. Kilichobadilika ni mzunguko wa kazi kati ya Roma na Malindi, na mzunguko huo uliwezekana kwa sababu chombo hakikuwahi kukaa zaidi ya dakika 100 hivi bila kupita juu ya antena yake.

Anuani hiyo ya anga ikafika Amsterdam kwa Jan van Paradijs na wanafunzi wake Titus Galama na Paul Groot, ambao waliomba darubini ya La Palma itazame hapo. Ilitazama saa 21 hivi baada ya mlipuko. Doa walilolipata lilikuwa hafifu mara milioni moja kuliko nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa jicho. Baadaye darubini ya Hubble ilionyesha kwamba pembeni ya doa kulikuwa na ukungu unaofanana na galaksi ya mbali, na wapinzani bado wakabisha. Ubishi ulikatwa na mlipuko wa 8 Mei mwaka huohuo, ambao BeppoSAX iliufikia kwa eksirei chini ya saa sita. Mark Metzger na wenzake wa Caltech, wakitumia darubini ya Keck ya Hawaii, walichanganua mwanga wa mng'ao wake na kukuta alama za gesi zilizosukumwa kuelekea upande wa wekundu kiasi cha 0.835, maana yake mwanga ulisafiri takribani miaka bilioni saba kutufikia. Paczyński alikuwa sahihi. Dale Frail akaupata mng'ao huohuo katika mawimbi ya redio. Mambo mengine yalifuata kwa miaka: kwamba milipuko mirefu ni vifo vya nyota kubwa zinazoporomoka, na kwamba mingi ya ile mifupi hutokana na nyota za nyutroni kugongana, jambo lililothibitishwa tarehe 17 Agosti 2017 pale mawimbi ya mvutano na mmweko wa gama vilipofika kwa kupishana sekunde 1.7.

Pingamizi la kwanza ni jepesi kulitabiri: Malindi ilikuwa bomba tu. Akili ilikuwa Roma, Utrecht na Amsterdam, antena haifikiri. Nakubali nusu ya maneno hayo. Hakuna aliyekaa Malindi aliyekisia kwamba mng'ao upo, na tuzo ya Bruno Rossi ya 1998 ilikwenda kwa timu ya BeppoSAX na van Paradijs kwa haki kabisa. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba kupima ni kitu kimoja na kupeleka habari ni kitu kingine. Katika kupima milima au kuhesabu nyota zisizobadilika, sawa: taarifa inaweza kukaa sandukuni mwaka mzima na isipoteze thamani. Katika mng'ao unaopungua mara 20 kwa siku tatu, taarifa iliyochelewa si taarifa pungufu, ni taarifa ya kitu kingine, yaani anga tupu. Mlipuko wa Julai 1996 ulionwa na vitambuzi vilevile na haukuzaa chochote. Kwa hiyo muda wa kupeleka ni sehemu ya kipimo, na anayeupunguza muda huo, hata kwa kukaa tu mahali panapofaa, ameongeza uwezo wa chombo kama aliyekiongezea kioo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kituo chochote cha ikweta kingefanya kazi hiyo. Kama si Malindi, Cayenne au Singapore. Kijiometria ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya mstari wa ikweta ni maji, na penye nchi kavu si kila mahali palikuwa na antena, umeme wa uhakika, mkataba wa serikali mbili na mafundi waliokwisha zoea setilaiti. Historia haijali sana nini kingewezekana mahali pengine. Inauliza kwa nini palikuwa hapa. Jibu liko katika majukwaa ya Broglio, katika mapatano ya Italia na Kenya, na katika ule urithi wa Uhuru na SAS-2 uliowafanya Waitalia waijue pwani hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya ikweta. Naongeza kwamba kwa mtazamo wangu kosa la wanahistoria wa sayansi ni kuwaza vyombo kama vitu vilivyorushwa vikaondoka, kumbe chombo cha angani kina miguu ardhini, na miguu hiyo huwa katika nchi fulani, katika kijiji fulani, chini ya sheria fulani.

Linalofuata ndilo gumu, na ndilo nililoahidi kulirudia. Atakayeniambia kwamba hii ni historia ya Wazungu waliokodi ufuko ana hoja. Orodha ya waandishi wa makala iliyotangaza ugunduzi Juni 1997 ina majina ya Kiitalia na Kiholanzi. Nchini Kenya malalamiko ni ya miaka mingi, bungeni na pwani, kwamba nchi ilinufaika kidogo mno na kituo hicho. Mapatano mapya yaliyotiwa saini mwaka 2016 yalitokana kwa sehemu na malalamiko hayo. Upande wetu wa ziwa haukupata hata hilo la kulalamikia. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kusema historia fulani haikuwa ya haki na kusema haikuwa ya kwetu. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya pamba na mahitaji yake, na hakuna anayeandika historia ya Mwanza akaiacha. Tunaiandika pamoja na uonevu wake. Tukikiacha kituo cha Malindi kwa sababu faida ilikwenda kwingine, tunampa aliyechukua faida zawadi ya pili: anabaki na simulizi pia. Na simulizi ina kazi, maana anayekaa mezani kujadili mkataba akijua kwamba eneo lake lilikuwa sehemu ya kipimo hadai kodi ya kiwanja, anadai nafasi za mafunzo, taarifa na majina katika makala. Kenya imeanza kuvuna kidogo kwa njia hiyo. Setilaiti yake ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, ilitengenezwa kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma.

Thamani ya mahali, hata hivyo, haikai milele, na hili watetezi wa Malindi hawapendi kulisikia. BeppoSAX ilizimwa tarehe 30 Aprili 2002, miaka sita kamili tangu kurushwa. Setilaiti ya Swift, iliyochukua nafasi yake Novemba 2004, hujigeuza yenyewe kuelekea mlipuko ndani ya dakika moja au mbili bila kusubiri amri ya mtu, na tangazo lake la dharura hupitia setilaiti za mawasiliano za Marekani zilizo juu zaidi. Malindi iliendelea kuihudumia Swift kwa kupokea shehena kubwa ya taarifa zake, na imezihudumia setilaiti za AGILE na NuSTAR pia, lakini haikushikilia tena ile saa ya kwanza. Tarehe 9 Oktoba 2022, saa 10:17 jioni kwa saa zetu, ulifika mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, uliosafiri karibu miaka bilioni mbili. Chanzo chake kilikuwa juu ya upeo wa macho kwa Afrika Mashariki nzima, upande wa kaskazini-mashariki, na miale yake ilimwagika juu ya ziwa ikazuiwa na hewa ya juu kabla ya kumfikia mtu, ikiacha tabaka la ionosfea limetikisika. Swift iliugundua mng'ao saa moja hivi baadaye, na kwa jinsi ulivyong'aa ikadhaniwa kwanza kuwa ni kitu cha ndani ya galaksi yetu. Utambulisho wake ulitoka kwenye mitandao, si kwenye antena moja. Saa nane za 1997 zimekuwa dakika, na zile dakika kumi za Malindi zimekuwa kazi ya kawaida ya posta.

Nafasi iliyobaki wazi sasa iko chini, kwa wenye macho ya ardhini. Mng'ao ukishapatikana lazima ufuatwe kwa saa na siku, na darubini hufanya kazi penye giza tu, kwa hiyo wanaoufuata hupokezana kadiri dunia inavyozunguka. India ina darubini zake karibu na nyuzi 79 mashariki. Afrika Kusini na Namibia ziko kati ya nyuzi 16 na 21. Katikati, kwenye ikweta, ambapo anga ya kaskazini na ya kusini huonekana zote, hatuna darubini kubwa ya kazi hiyo. Igoma si mahali pa kuijenga, na sitajifanya vinginevyo. Taa za jiji zipo, na Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, nyingi zikipiga usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji. Radi hizo zina ucheshi wake: mawingu ya ngurumo hutoa mimweko mifupi ya gama kuelekea juu, na AGILE, iliyozunguka ikiwa imeinama nyuzi 2.5, sawa na latitudo ya Mwanza, iliinasa mingi kutoka ukanda wa ikweta ilipokuwa ikitafuta vifo vya nyota. Lakini longitudo ya Mwanza ni ya eneo kubwa, na kaskazini-mashariki mwake kuna milima mikavu ya Kenya yenye mawingu machache. Tarehe 28 Februari 1997, giza kamili lilipoingia Mwanza saa 2:15 usiku, ule mlipuko wa kwanza kupatikana na mng'ao ulikuwa na umri wa saa 14 na robo, na mahali ulipotokea, katika kundi la nyota la Orion, palikuwa juu sana, nyuzi 20 hivi tu kutoka utosini. Darubini ya Loiano karibu na Bologna, yenye kioo cha mita moja na nusu, iliupiga picha saa 16 na nusu baada ya mlipuko, na ya La Palma zaidi ya saa nne baada ya hiyo.